Vazi la Kurinia Asali

Singida Mjini
18 Mei 2025

Shangazi yangu Sijaona,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mgongo wa Baba unamsumbua lakini ole wako umwambie akae. Mama yuko Kiomboi kwa dada, aliyejifungua mtoto wa kiume, kwa hiyo nyumbani tumebaki mimi, Baba na Bibi. Bibi hajambo, anakula kidogo na anasema sana. Kuku wake wawili wamepotea, na sasa kila anayepita mlangoni ni mwizi mpaka athibitishe vingine. Wewe je? Na mizinga? Na akina mama wa kikundi?

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako mpaka upande kichuguu ndiyo inashika mtandao, na mimi nikiongea hapa dukani Baba anasikiliza huku anajifanya anapanga sabuni.

Kifurushi nilichompa kondakta nadhani unacho mkononi. Kifungue kwanza, halafu endelea kusoma.

Umeona? Hilo ni vazi la kurinia. Nilipokuja na Baba kwenye msiba wa mumeo, Mjomba Chediel, niliwaona akina mama wenzako wanavyokwenda mzingani: makoti ya zamani, suruali za waume zao, mifuko ya plastiki imefungwa miguuni kwa mpira. Wengine walikataa kwenda kwa sababu ya hizo suruali. Nimelifikiria jambo hilo miaka miwili. Kwa hiyo hili ni pana kama dera lakini linajifunga kwenye kifundo cha mguu, na ndani ya kofia kuna nafasi ya ushungi, huna haja ya kuvua mtandio. Kitambaa ni cheupe, kwa sababu uliniambia nyuki wanachukia rangi za giza. Wavu wa usoni ni mweusi ili uone vizuri. Nimelifua kwa maji matupu, sikutia hata sabuni ya kunukia, kwa sababu ulinifundisha pia kwamba manukato huwatia nyuki wazimu. Limebaki lingine kama hilo hapa, la kipimo changu.

Sasa shida yangu. Bi. Malti wa duka la vitambaa ana rafiki Mbeya, mama mwenye karakana ya kushona nguo za watu wa kazi: wachimba dhahabu, wapuliza dawa, wauguzi. Anachukua vijana wanne kwa mwaka mmoja, kuanzia Oktoba. Aliona vazi hili kwenye simu ya Bi. Malti akasema niende. Baba akauliza, msichana peke yake Mbeya, kwa nani? Nikamwambia sitapita Dodoma na Iringa, nitapita Itigi na Rungwa, kwa hiyo katikati ya njia kuna Shangazi. Akasema hivi: “Dada yangu akilivaa hilo vazi, akarina, akarudi salama, akanipigia mwenyewe akasema huyu mtoto kazi anaijua, nenda. Akisema vingine, unabaki dukani.”

Unamjua kaka yako. Akishasema hivyo ndiyo hivyo. Nakuomba tu ulivae msimu huu na useme ukweli.

Mwanao anayekutegemea,
Zabibu


Rungwa
27 Juni 2025

Zabibu,

Marahaba. Hongera ya mjukuu mfikishie mama yako. Huku tembo wametoka porini wamelala kwenye mahindi ya watu, wakiamka hakuna mahindi. Tunapiga madebe, wanatutazama tu. Usishangae mwandiko, ni wa Peniel, mwenzangu wa kikundi. Mikono yangu imevimba. Na mama yangu, hajambo?

Vazi lako nimelivaa. Sitalivaa tena, na hakuna mwanamke wa kikundi hiki atakayelivaa nikiwa hai.

Nyuki wa hapa nimeishi nao miaka kumi na mmoja. Najua siku wakiwa na hasira na siku wakiwa na shibe. Siku ile walikuwa watulivu, jua limepungua, moshi mzuri, kila kitu sawa. Sikuwa nimegusa hata mfuniko. Walinijia wote kwa pamoja kama watu waliokuwa wananisubiri. Wameniuma mpaka Peniel alinivuta kwa miguu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe umenishonea wewe.

Ninyi watoto wa mjini mmekaa na penseli mnachora. Hii ya pana, hii ya ushungi, hii ya kifundo cha mguu. Unafikiri nyuki anaangalia mtindo? Mtu akifa juu ya mchoro wako utamwambia nini, kwamba ulifikiria miaka miwili?

Nimepanda kichuguu nimempigia baba yako. Nimemwambia mtoto abaki dukani. Amesema sawa. Peniel anataka kuyalainisha maneno yangu hapa, nimemkataza.

Mimi shangazi yako,
Sijaona


Singida Mjini
8 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu nimefundishwa kuamkia, leo moyo wangu haumo. Pole kwa kuumwa. Natumaini mikono imepona. Mama hajarudi kutoka Kiomboi. Bibi mzima, na kuku mmoja amerudi mwenyewe, kwa hiyo majirani wamesamehewa nusu.

Ulimpigia Baba kwanza. Mimi niliyeshona nilisubiri barua siku kumi, na nilipoipata Baba alikuwa ameshafunga mjadala wiki nzima. Nilikuwa namhudumia mteja wa mafuta ya kula akaniambia, mbele ya mteja, “Shangazi yako amekataa.” Basi. Hakuna cha zaidi. Nikauliza amekataa nini, akasema nipime mafuta ya mtu.

Halafu barua yenyewe unampa mtu mwingine aiandike. Sasa kikundi kizima kinajua kwamba mtoto wa kaka yako Mselemu ameshona upuuzi. Mikono ikivimba si inapona? Ulishindwa kungoja ipone ndiyo unitukane kwa mwandiko wako?

Nilikuomba useme ukweli. Ukweli uko wapi? Umeniambia umeumwa. Hukuniambia waliingilia wapi. Shingoni? Kiunoni? Kwenye zipu? Fundi akiambiwa kiti kimevunjika anauliza ni mguu upi. Mimi nimechukua vazi langu lililobaki nimefunga mikono na miguu yake, nikajaza mtama, nikatikisa mpaka Bibi akauliza kama nimepagawa. Haikutoka hata punje moja. Nimepitia kila mshono kwa kidole. Nionyeshe tundu, Shangazi. Lirudishe hilo vazi kwa kondakta, nilione kwa macho yangu. Kama kuna tundu nitakaa dukani mpaka nizeeke na sitalalamika.

Unajua nilikuwa nimefikia wapi? Nilikuwa nimeshajua basi linaondoka Itigi saa ngapi na linasimama wapi watu wale. Nilikuwa nimeamua nitashuka Rungwa nilale kwako siku mbili, nishinde na akina mama mzingani, niwaulize wanabanwa wapi, nifike Mbeya na kitu cha kusema. Nilichora mpaka begi la safari, mifuko yote kwa nje ili nisipekue nguo mbele ya watu. Begi limekamilika. Baba ameweka ndani yake viroba vya chumvi.

Wewe ulipotaka kwenda Rungwa na Mjomba Chediel, watu wote walikukatalia, kwamba ni mtu wa dini nyingine na wa porini. Ukaenda. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka ulivyotoka mlangoni hukugeuka. Nilidhani mtu wa namna hiyo ndiye atakayenielewa. Kumbe mlango ukishapita mwenyewe unaufunga.

Zabibu


Rungwa
2 Agosti 2025

Zabibu,

Marahaba. Sisi wazima, tembo wamerudi porini. Mwandiko ni wa Peniel tena, mimi nina kazi. Mama anasemaje?

Barua yako nimesomewa. Nilitaka kuichana, nikaambiwa nisiichane.

Usinitajie Chediel katika mambo ya nguo. Mzinga ulioharibika siku ile ni wake, aliuchonga kwa mkono wake kwa mbao za mninga, akaniwekea chini, kimo cha kiuno changu, ili nisipande mti. Tangu azikwe nimekuwa nakwenda pale kukaa tu. Nyuki wale wamehama. Wameondoka wote, sanduku limebaki tupu, nondo wameingia. Unaniuliza tundu liko wapi. Mimi sikusema lina tundu. Nimesema sitalivaa.

Vazi sikurudishii. Ni langu, nimepewa.

Na usinifundishe maneno ya kumwambia kaka yangu. Akiniuliza mara mia nitamjibu vilevile. Dunia haikuisha kwa sababu hukwenda Mbeya. Mwaka ujao upo.

Nakuuliza kitu kimoja, na ujibu hicho tu, usinijazie karatasi. Siku ile, kifurushi alikifunga nani?

Sijaona


Singida Mjini
14 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mama amerudi, mtoto ameitwa Abdulhamidi, jina la Babu. Hizo ndizo habari za furaha, nyingine sina.

Umeuliza nani alikifunga kifurushi. Nilikifunga mimi. Lakini niliposoma swali lako nilishangaa. Mtu aliyeumwa na nyuki anauliza habari ya kamba? Nikarudia barua zako mbili. Miaka kumi na mmoja hujawahi kumuulizia Bibi, hata kwenye msiba ulimuuliza Baba habari za kila mtu ukamruka yeye. Sasa barua mbili mfululizo: mama yangu hajambo, Mama anasemaje.

Nikaenda nikakaa naye. Alikuwa anachambua mchele. Sikumwambia kitu, nilisema tu nimepata barua yako. Akaniuliza bila kuinua macho:

“Hajasema kitu?”

“Kuhusu nini, Bibi?”

“Kuhusu harufu.”

Shangazi, nikasogea karibu yake.

Nikamuuliza harufu gani. Akasema kama mtu anayesimulia jambo la kawaida kabisa: “Ile nguo niliifukiza. Ulipokwenda kwa Malti kutafuta kamba niliitandaza juu ya chetezo, nikatia udi wangu ule niliouweka, halafu nikanyunyizia marashi kidogo kwenye kofia. Nguo mpya haiendi kwa mtoto ikinuka duka.” Akachambua mchele, halafu akasema, “Ataijua. Ndiyo harufu niliyokuwa namfukizia nguo zake tangu mdogo.” Halafu akaniuliza tena kama kweli hukusema kitu.

Nikamjibu ulisema imenukia vizuri. Nimesema uongo kwa mtu wa miaka themanini, na alivyofurahi nikashindwa kumtazama. Siku hiyo alikula sahani nzima.

Mimi nilikifunga bila kunusa kwa sababu nyumba yetu yote inanuka udi, unajua mwenyewe, tumezoea. Hilo ni kosa langu nalikubali. Lakini wewe? Wewe uliyeniambia siku ya kurina hata sabuni ya kuogea mnachagua? Uliyemrudisha mwanamke nyumbani, mbele yangu, kwa sababu alijipaka mafuta ya nywele? Kifurushi kimesafiri kutoka hapa hadi kwako kimefungwa, ukakifungua, na hukunusa?

Nakuuliza, Shangazi. Hukunusa?

Kwa sababu kama ulinusa ukavaa, basi ulijua tangu siku ya kwanza kwamba mishono yangu haina kosa. Ulijua ulipopanda kichuguu kumpigia Baba. Ulijua uliponiandikia habari za penseli. Umenifungia njia yangu ili usiseme jambo moja.

Karakana wananishikia nafasi mpaka mwisho wa Septemba. Bi. Malti amewaomba, na hawataongeza. Ningeweza kwenda dukani sasa hivi nimwambie Baba yote, na angeniachia. Lakini Baba hana siri, kabla ya jioni Bibi angejua kwamba udi wake ulikaribia kukuua. Mimi simwambii Bibi hilo. Siwezi. Kwa hiyo mdomo wangu umefungwa na wako ndio uliobaki.

Sema wewe. Mtafutie Baba maneno unayoyaweza, lakini sema.

Zabibu


Rungwa
5 Septemba 2025

Zabibu,

Leo naandika mwenyewe. Mistari ikipanda na kushuka, soma hivyohivyo.

Pua ninayo.

Niliponunua udi mara ya mwisho sikumbuki. Hapa tunanuka moshi wa kuni na nta. Nilikata kamba, ikatoka harufu, nikakaa chini. Sikuona nguo. Nikamwona Mama ananifukizia gauni la Idi, ananigeuzageuza juu ya chetezo kama anachoma mahindi, ananiambia simama vizuri.

Unajua alinifanyia nini huyo? Chediel alilala mgonjwa miezi mitano. Nilituma habari. Alipokufa nilituma habari. Ulikuja wewe, alikuja baba yako, walikuja mpaka watu kutoka Issuna ambao siwajui vizuri. Yeye hakuja. Hakutuma kanga, hakutuma hata neno la pole kwa mdomo wa mtu. Nilikaa msibani naangalia kila gari linalosimama. Miaka kumi na mmoja amenikatia salamu, halafu ananitumia moshi. Hata barua hapana. Moshi! Hasira niliyokuwa nayo siku ile, Zabibu, ningeweza kulitia vazi motoni.

Nikalivaa. Peniel akaniambia, Sijaona, unanuka kama bibi harusi, vua, tutakwenda kesho. Nikamwambia asiniguse. Nilijua kabisa ninakokwenda. Mtu mzima na akili zangu nilikwenda kwenye mzinga wa mume wangu nikinuka mama yangu, kwa sababu sikutaka kulivua. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine, na usiniulize tena maisha yako yote.

Nilikuumiza wewe kwa kuwa ulikuwa karibu na wengine walikuwa mbali. Sijui kusema zaidi ya hapo.

Jana nimempigia baba yako. Nimemwambia vazi ni zima, kazi mtoto anaijua, kosa ni langu. Akauliza kosa gani. Nikamwambia kosa la dada mkubwa haliulizwi na mdogo wake. Akasema neno linalogeuka si neno. Nikamwambia basi geuka na wewe, maana nilikubeba mgongoni ukanikojolea na sikukuuliza sababu. Akacheka. Akishacheka yule ameisha. Atoe chumvi yake kwenye begi.

Kwa Mama usiseme kitu. Ulivyomwambia, kwamba imenukia vizuri, si uongo.

Basi likisimama hapa shuka. Siku mbili zako zipo. Nami nina maneno yangu kwako kwa zile habari za mlango, ambayo hayafai kuandikwa.

Sijaona


Mbeya
19 Oktoba 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefika, nina kitanda, nina blanketi mbili na zote hazitoshi, baridi ya huku haina adabu. Tuko wanne. Mama mwenye karakana ni mkali, anakagua mshono kwa kuuvuta kwa meno. Nadhani nitampenda baadaye. Bibi amenipigia akiuliza ulivyo. Nimemwambia umenenepa.

Sikulala kwako siku mbili, na unajua kwa nini. Lakini tuligombana vibaya, na basi likapiga honi kabla sijasema nililotaka, kwa hiyo nalisema sasa.

Uliniambia mikono. Barua mbili za Peniel, mikono imevimba, nina kazi. Halafu nashuka kwenye basi na wewe umesimama pale na jicho la kushoto limefunikwa utando mweupe, unanigeuzia uso mzima ndipo unione. Na unaniambia, “Karibu mwanangu, umekonda.” Ulitaka nisemeje? Nilikupigia kelele mbele ya watu wanaokula wali, nisamehe kwa kelele, siombi msamaha kwa hasira. Miezi minne una jicho bovu na hukwenda hospitali ila mara moja. Unamficha Bibi, unamficha Baba, unanificha mimi. Ukaniambia kwa sauti yako ile, “Ningekwambia ungekwenda Mbeya?” Hapo ndipo nilipotaka kukupiga, Mungu anisamehe.

Nikasema sitalala. Nikasema nipe hilo vazi niondoke nalo. Ukakataa, ni lako, umepewa. Nikakuambia basi vaa kofia, nione walipoingilia. Ukaitoa kikapuni ukaivaa pale pale ukalalamika kwamba nakuaibisha. Ilikaa vizuri. Mishono yote ilikuwa mizima, nikajisikia nina haki kabisa. Halafu ukainama kuchukua kikapu chako chini.

Niliinama nami, nikakutazama chini ya kofia. Ulidhani nimekasirika zaidi.

Ulipoinama, wavu uliangukia usoni kwako wote. Ulilala juu ya kope kama chandarua kinavyolala kwenye mguu wa mtu, na kila mtoto wa Tanzania anajua mbu anauma pale pale kinapogusa. Hakuhitaji tundu. Nyuki alisimama juu ya wavu wangu na jicho lako lilikuwa chini yake.

Mimi nilijipima nimesimama. Nilijitazama kwenye kioo cha Bi. Malti, wima, nikageuka huku na huku. Nilijaza mtama kwenye mikono na miguu. Kuinama sikufikiria hata siku moja, na mizinga yenu yote iko chini, niliiona kwa macho yangu kwenye msiba. Wewe ulinipigania kwa Baba ukasema vazi ni zima, na mimi nilikuandikia barua mbili za kudai haki ya vazi ambalo si zima.

Ndiyo maana nilipanda basi bila kukuaga vizuri. Mpaka Chunya nilikaa nimeshika uso.

Udi ni wa Bibi na ukaidi ni wako, Shangazi, lakini wavu ni wangu.

Hasira bado ninazo, na nyingine sasa ni zangu mwenyewe. Nimemwambia mama wa karakana kila kitu, jicho pia. Hakunipa pole. Amenipa waya mwembamba wa kushikilia ukingo wa kofia na akasema nisishone kitu kingine mpaka hicho kikubali. Jicho utalipeleka hospitali tena, na safari hii utalala huko mpaka wakuambie uondoke. Nimeshamwandikia Peniel, usimchunguze nimemwambia nini.

Na vipimo nahitaji. Mwambie Peniel achukue futi kamba akupime kichwa, shingo na mabega. Usisimame. Inama kama unavyoinama mzingani, ubaki umeinama, ndipo akupime.

Mwanao,
Zabibu